Nyumba Nyeupe Niliyoiandika

Kabla vita havijatufukuza Bukavu, Kongo, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na historia katika shule ya sekondari. London nikawa mhudumu wa wazee majumbani. Kampuni hunipa orodha ya nyumba, nami huzunguka kwa basi kusini mwa mji, Lewisham mpaka Thornton Heath, kila nyumba dakika arobaini na tano: kumwamsha mtu, kumwosha, kumvalisha, kumpa chai na dawa, kuandika daftarini kwamba hayo yote yamefanyika, kisha kuondoka. Wengi wao nimeshazisahau sura zao. Bibi wa Thornton Heath namkumbuka mpaka kucha za miguu.

Alikuwa anakaribia miaka tisini, mwembamba, macho yameanza kuingia ukungu, akiishi peke yake juu ya duka la nguo za harusi. Alifika Uingereza akiwa msichana wa miaka ishirini, mkimbizi kutoka Hungaria, baada ya vifaru vya Warusi kuingia Budapest kuzima uasi. Hapa alifanya kazi ya kuchora ramani za mabomba ya maji mpaka akastaafu. Hakuolewa. Siku ya kwanza nilimwita Mama, kama tunavyomwita kwetu mwanamke yeyote mwenye heshima zake, naye akanikatiza pale pale.

"Mimi si mama wa mtu."

"Kwetu ni heshima tu, Mama."

"Basi niheshimu kwa kunipashia maji vizuri. Yule wa jana aliniosha kama sahani."

Niliendelea kumwita Mama, na baada ya wiki kadhaa hakujali tena. Alipojua nilikuwa nafundisha, yeye akaanza kuniita Mwalimu.

Habari za nyumba zilianzia bafuni. Bafu lake lilikuwa dogo, halina dirisha, na ukutani kulikuwa na madoa meusi ya unyevu ambayo halmashauri iliahidi kila mwaka kuja kuyashughulikia. Asubuhi moja, nikimsugua mgongo, akasema, "Bafu la nyumbani kwetu lilikuwa na dirisha kutoka ukuta mpaka ukuta. Ukikaa ndani ya maji unauona mto wote."

Nikamuuliza ilikuwa nyumba gani. Akaanza kunieleza, na akaendelea kunieleza kwa karibu miaka mitatu.

Ilikuwa nyumba nyeupe kilimani, upande wa juu wa Budapest, ya zege tupu, bila nakshi hata moja. Paa lake lilikuwa bapa, watu wanaweza kutembea juu yake na kuota jua. Madirisha yalipinda kwenye kona bila nguzo, hata mgeni akawa anajiuliza ukuta wa juu umeshikiliwa na nini. Ngazi ya ndani ilizunguka kama ganda la konokono. Kulikuwa na kijilifti cha kupandishia chakula kutoka jikoni, na makabati yote yalijengwa ndani ya kuta, milango yake haina vishikio. Unabonyeza tu, unafunguka. Majirani waliichukia. Waliiita zahanati.

Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia, kwa sababu Wabelgiji walijenga nyumba za ukoo huo Bukavu, zenye kona za mviringo na vibaraza kama sitaha ya meli. Baba yangu aliwahi kununua moja, ndogo, rangi imebabuka, na ndimo nilimokulia. Kwa hiyo bibi alipotaja jinsi mvua inavyokaa juu ya paa bapa na kuanza kupenya dari, nilicheka, nikamwambia hata kwetu ilikuwa ndoo kila chumba. Naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka.

Nilianza kuandika nikidhani nahifadhi maneno yake tu. Baada ya mwezi nikagundua naandika riwaya. Niliandika kwenye basi, vituoni, kwenye benchi mbele ya maktaba wakati wa mapengo kati ya mzee mmoja na mwingine, kwa kalamu kwanza, kisha Jumapili alasiri kwenye kompyuta ya binti yangu. Mhusika wangu mkuu alikuwa msichana wa miaka minane, mtoto wa nyumba ile nyeupe. Baba yake daktari. Vita vinapanda kilima polepole. Kwanza kwa habari za redioni, halafu kwa mgao wa chakula, mwisho kwa mizinga. Majira yale ya baridi mji ulipozingirwa, watu wa nyumba wanashuka kuishi chumba cha makaa chini ya ardhi, na juu yao vioo vyote vya madirisha vinapasuka kimoja kimoja. Hilo la vioo alinisimulia akiwa amefumba macho. Theluji iliingia sebuleni, alisema, ikatanda juu ya piano.

Sijawahi kuwa na furaha London kama nilivyokuwa nikiandika kurasa zile. Nilikuwa tena mtu mwenye kazi. Mke wangu, ambaye hufanya usafi maofisini na kuimba kwaya kanisani kwetu Lewisham, alinivumilia.

"Papa, ile kitabu ni ya Wazungu," aliniambia. "Vita vyetu vimeisha kuandikwa?"

Vita vyetu sikuweza kuviandika. Nilijaribu mara mbili tatu, mkono ukakataa. Lakini nyumba ya kilimani Budapest, vita vya watu wengine, mizinga ya watu wengine, hapo mkono ulikwenda wenyewe.

Nilipofikisha kurasa mia tatu nikampelekea rafiki yangu wa zamani, tuliyefundisha naye shule moja, ambaye sasa anahariri vitabu Nairobi. Alikaa nayo muda mrefu, kisha akanitumia ujumbe wa sauti. Alisifu nyumba. Alisema anaweza kutembea humo akiwa amefumba macho. Halafu akasema:

"Kuna jambo moja tu linanisumbua. Huyu mtoto wako anajua kila swichi ya taa, lakini hakumbuki kitu chochote kabla ya ule msimu mmoja wa kiangazi. Hakuna Krismasi ya kwanza, hakuna jino lililong'oka, hakuna kitu. Na pale kwenye sura ya nne, ndani ya kabati, kuna alama za penseli za kupimia mtoto urefu. Umeandika kwamba alipojipima hapo alikuta amezipita kwa vidole viwili. Sasa ndugu yangu, hizo alama ni za nani?"

Nilikuwa nimeandika vile vile bibi alivyonisimulia. Nilidhani ni uzembe wangu. Nilidhani alikuwa na kaka aliyefariki, nami sikusikia vizuri. Kesho yake, Alhamisi, nilimpa uji, nikaanza kumvalisha soksi zile za kubana miguu ambazo huchukua muda, nikamuuliza.

"Mama, zile alama za penseli ndani ya kabati, zilikuwa za kaka yako?"

"Sikuwa na kaka."

"Dada?"

"Sikuwa na mtu. Nilikuwa peke yangu."

"Basi zilikuwa za nani?"

Nilikuwa nimepiga goti mbele yake, kisigino chake mkononi mwangu, na nikahisi mguu wake unakakamaa.

"Za yule msichana," akasema.

Niliivuta soksi juu ya kisigino.

"Baba yangu hakuwa daktari. Alikuwa karani wa wizara. Tulikaa vyumba viwili huko chini, upande wa pili wa mto, choo cha pamoja uani. Siku moja wakati wa kiangazi alikuja na ufunguo na karatasi yenye mhuri. Tukapanda kilima na vyombo vyetu kwenye mkokoteni."

"Na wenye nyumba?"

"Walikuwa wameondolewa. Daktari wa masikio, mke wake na msichana mmoja. Walikuwa Wayahudi, Mwalimu. Wewe ulifundisha historia. Unataka nikwambie nini zaidi?"

Nilitaka aniambie zaidi, na nilitaka anyamaze. Aliendelea bila kuniangalia, kwa sauti ile ile aliyozoea kunisimulia habari za piano na kijilifti.

"Chumba changu kilikuwa chumba chake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chini ya mto mlikuwa na gauni lake la kulalia, limekunjwa. Lilinienea. Nililivaa mpaka majira ya baridi. Ndani ya kabati jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya alama. Mama alilikwangua kwa kisu, ila mistari aliiacha, kwa sababu alitaka kunipimia mimi hapo hapo."

"Jina lake lilikuwa nani?"

"Sikumbuki."

"Hujaribu, au hukumbuki?"

"Nilikuwa nimeshajua kusoma. Nililisoma siku tuliyofika. Halafu likakwanguliwa, na hakuna aliyelitamka tena. Mama alisema wamehamia mashambani. Nilikuwa na miaka minane, nilijua anadanganya. Mtoto wa miaka minane anajua."

Nikamuuliza kama kuna aliyerudi. Akasema baada ya vita alikuja mwanamke mmoja, amevaa viatu vya kiume, akasimama getini. Baba wa bibi akatoka kuzungumza naye. Hazikupita dakika kumi. Mwanamke yule hakuingia ndani, na hakuonekana tena. Yeye bibi alimtazama kutoka dirisha la kona, lile lisilo na nguzo.

"Nilipofika London waliniuliza kwetu ni wapi, nikawaeleza nyumba," alisema. "Wakafikiri ilikuwa yetu. Sikuwasahihisha. Na wewe ulikuwa unaandika kwa furaha sana."

Nilimaliza kumvalisha soksi. Nikaosha bakuli. Kwenye daftari niliandika: amekula uji wote, amekunywa dawa, hali ya kawaida. Nikatoka kwenda kwa mzee aliyefuata, nikakuta nimechelewa, akanigombeza, na sikusikia hata neno moja alilosema.

Kuna jambo sijalieleza bado. Nyumba ya baba yangu Bukavu, ile yenye kibaraza cha mviringo, inakaliwa. Tulipokimbia, kamanda mmoja aliiingia na familia yake. Wakati fulani akahamishwa, lakini familia ikabaki, na karatasi zikatengenezwa zenye majina yao. Kaka yangu, aliyerudi kuishi mjini, hupita barabara ile. Aliwahi kunipigia picha kwa simu: nguo za watoto zimeanikwa kibarazani, suruali za shule, soksi nyeupe. Niliitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilijua madaftari yangu ya shule yalikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyelifungua.

Kwa wiki tatu nilimhudumia bibi bila kuzungumza naye zaidi ya lazima. Inua mkono. Geuka. Maji si ya moto sana? Nilimwosha kwa uangalifu uleule, au nilijaribu. Mwishowe yeye ndiye aliyevunja kimya.

"Umeacha kuniuliza mambo."

"Nimechoka tu, Mama."

"Mwongo mimi, si wewe. Sema."

Nikamwambia habari za Bukavu. Nilimweleza kibaraza, kamanda, soksi za watoto. Nilisimulia vibaya, nikarukaruka, na Kiingereza changu kikaniponyoka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wana watoto wangapi?"

"Sijui. Nguo zilikuwa nyingi."

"Watoto hawana kosa," alisema haraka. Halafu akainua mkono kama anayezuia kitu. "Hapana. Usinijibu hilo. Afadhali usinijibu."

Ningetaka kuandika hapa kwamba baada ya siku ile tulielewana, lakini sivyo. Nilimhurumia, kisha nilikuwa ngazini nashuka nikamchukia, kisha kesho yake nikapanda ngazi zile zile na chupa ya maziwa aliyonituma. Ndivyo miezi ilivyokwenda.

Riwaya niliirudia mwanzo. Nilifikiri inaweza kuokolewa nikimweka yule msichana mwingine katikati, yule wa alama. Lakini sikuwa na kitu chake. Sikuwa na sauti yake, wala sura, wala kitu alichopenda kula. Nilikuwa na urefu wake na gauni la kulalia. Niliandika barua pepe kwenye ofisi mbalimbali zinazotunza orodha za waliopotea. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwa upole, baada ya miezi: bila jina la ukoo au namba ya nyumba hawawezi kutafuta, na mtaa alioutaja bibi umebadilishwa jina zaidi ya mara moja. Madaktari wa masikio walikuwa wengi. Aliniomba radhi.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alinisaidia kukitazama kilima kwenye ramani ya kompyuta. Tulisogeza picha huku na huku, Jumapili nzima. Miti, maghorofa, maegesho ya magari. Hatukuona paa bapa la kale, au tuliliona na hatukulijua.

"Papa, mpe tu jina la kubuni," aliniambia kwa Kiingereza, lugha anayonijibia siku zote. "Si ni riwaya? Riwaya ni hivyo."

Nilimwambia ana haki. Nikatafuta majina ya wasichana wa Kihungaria wa enzi zile, nikaandika sita kwenye karatasi. Nilijaribu kila moja kwenye sentensi ya kwanza. Kila moja lilikuwa jina nililolileta mimi, nikalibandika mahali ambapo mama mmoja alikuwa amekwangua kwa kisu. Baada ya kurasa kumi niliacha. Nilijaribu tena wakati wa Pasaka, nikaacha tena. Rafiki yangu wa Nairobi alituma ujumbe kuuliza sura mpya ziko wapi. Nikamwambia kitabu hakipo. Akafikiri natania.

Bibi alianza kupotea mwaka uliofuata. Kwanza alisahau dawa, halafu siku, halafu akaniita kwa jina la mtu wa kule ofisini kwao kwenye mabomba. Nyumba peke yake ndiyo haikumtoka. Asubuhi moja, nikimkausha nywele, akaanza kunisimulia dirisha la bafuni na mto, kama siku ya kwanza. Nilimwacha. Akasema baba yake daktari alikuwa akirudi jioni na mkoba mweusi.

"Baba yako alikuwa karani, Mama," nilisema. Nilisema taratibu.

Alinigeukia akiwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Wewe mwenyewe."

"Nimezaliwa katika nyumba ile. Walikuja kututoa. Wewe unajua nini? Walikuja na karatasi yenye mhuri, wakatutoa."

Akalia. Hakuwa akiigiza. Alilia kama aliyetolewa kweli, na nililazimika kumshika mabega asianguke kitini. Sikumsahihisha tena. Kukiri kwake, ambako pengine alikufanya mara moja tu maishani, hata yeye hakuwa nako tena. Nilibaki nako mimi, na sikujua nifanye nini nako.

Aliaga dunia mwezi wa pili, hospitalini, usingizini. Mazishi yalikuwa asubuhi, katika kikanisa cha makaburini, watu saba na mvua. Alikuwepo jirani wa chini mwenye duka, wazee wawili Wahungaria, na mwanamke wa makamo kutoka Birmingham, binti wa binamu yake, aliyeshughulikia kila kitu. Huyo alinishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Mwalimu. Alikutaja kwenye simu. Alikusimulia nyumba?"

"Alinisimulia."

"Maskini shangazi. Kunyang'anywa nyumba kama ile akiwa mtoto."

Mchungaji naye alilisema hilo mbele ya jeneza, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa: kwamba tunamuaga mwanamke aliyepoteza nyumba yake utotoni kwa uovu wa vita, akaishi bila chuki. Wazee wawili waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilifundisha historia miaka kumi na moja. Niliwahi kuwaambia vijana darasani kwamba mtu anayejua ukweli na kunyamaza naye ameandika uongo. Nilikaa kimya mpaka nyimbo zikaisha, nikala kipande cha keki kwenye chumba cha pembeni, nikampa yule mwanamke pole.

Njiani kurudi nilijiambia ningesema nini, na kwa faida ya nani. Msichana yule hakuwa na mtu pale wa kumsikilizia. Hata ningesimama, ningemtaja vipi? Hoja zote hizo zilikuwa nzuri. Nilizipanga kituo baada ya kituo, na hakuna iliyonisaidia.

Wiki hiyo nilifuta riwaya kwenye kompyuta. Madaftari niliyafunga kwa kamba nikayatoa siku ya taka za karatasi. Mke wangu aliyaona mlangoni, akanitazama, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Aliingia ndani akanitengea ugali na samaki, akakaa nami mpaka nikamaliza.

Kampuni imenipa mzee mwingine mtaa ule ule, nyumba nne kutoka duka la nguo za harusi. Ni mtu mkimya, anapenda televisheni na chai yenye sukari nyingi. Ukutani pake kuna picha ya nyumba ya mawe, mlimani, ina theluji mlangoni. Ninapomfuta uso naiona juu ya kichwa chake. Juzi aliona ninaitazama, akafungua kinywa kama anayetaka kuanza jambo, nami nikamuuliza haraka kama anataka kipande cha pili cha mkate.